Usiku wa Kabla na Usiku wa Baada: Gombe Inavyoweza Kuilisha Kigoma

Hifadhi ya Gombe, kando ya Ziwa Tanganyika, haina uwanja wa ndege wala barabara ya kuingilia. Anayetaka kuwaona sokwe wake, awe ametoka Tokyo au Tandahimba, atapita Kigoma mjini na atapanda boti. Hiyo ni neema ambayo miji michache inayo. Hifadhi ya Mahale, kusini zaidi kwenye ziwa hilihili, ni tofauti: wageni wake wengi huruka kwa ndege ndogo kutoka Arusha, mara nyingi kwa kupitia Katavi, wakatua kwenye uwanja mdogo ulio jirani na hifadhi na kurudi walikotoka bila kununua hata chupa ya maji katika soko letu la Mwanga, hapa Kigoma mjini. Wa Gombe hana njia hiyo. Amekuja mlangoni kwetu mwenyewe.

Tatizo ni kwamba akishafika mlangoni tunamsindikiza. Ndege inatua, gari liko tayari, linamfikisha ufukweni, boti inang'oa nanga. Siku mbili tatu baadaye anarudi kwa njia ileile mpaka uwanja wa ndege. Tozo ya kuingia hifadhini, ambayo kwa miaka mingi imekuwa Dola 100 kwa siku kwa mtu mzima kutoka nje ya nchi, haiingii kwenye mfuko wa Manispaa ya Kigoma Ujiji. Mji unabaki na nauli ya gari na vumbi lake.

Kila mwaka takwimu za taifa zinatangazwa. Tanzania ilipokea watalii 1,808,205 kutoka nje mwaka 2023, na 2,141,895 mwaka 2024. Watu wa Kigoma husikia na kuuliza, mbona sisi hatuwaoni? Jibu la haraka ambalo hutolewa kwenye mikutano ni kwamba tuongeze idadi ya wageni. Mimi silikubali jibu hilo, na sababu yangu iko Gombe kwenyewe. Hifadhi ile ina zaidi kidogo ya kilomita za mraba 50 tu. Kikundi kimoja cha kwenda kwa sokwe hakizidi wageni sita, hukaa nao saa moja, umbali wa mita 10, barakoa usoni, kwa sababu sokwe huambukizwa maradhi yetu, hasa ya njia ya hewa. Mwaka 1966 polio iliwaua na kuwalemaza baadhi yao. Kwa hiyo Gombe haitakuwa Serengeti, na haifai iwe. Wageni wake watabaki wachache. Kinachoweza kukua bila kumuumiza sokwe yeyote ni siku ambazo mgeni yuleyule analala mjini.

Hesabu ya gesti moja

Chukua gesti ya vyumba 10. Kwa mwezi wa siku 30 ina nafasi 300 za kuuza, na nafasi ya jana isiyouzwa haiuziki leo. Tuseme imepokea wageni 90, kila mtu chumba chake, na jumla wamelala mara 135. Gawa 135 kwa 90: wastani wa kukaa ni usiku mmoja na nusu, na vyumba vimejaa kwa asilimia 45. Sasa wageni walewale 90, bila kuongezeka hata mmoja, wakikaa wastani wa siku mbili, jumla inakuwa 180 na gesti inajaa kwa asilimia 60. Hakuna tangazo lililolipiwa, hakuna ndege iliyoongezwa, hakuna sokwe aliyetembelewa mara mbili.

Halafu fuata fedha. Hizi ni bei za mfano, weka zako. Wageni wawili wakilala usiku mmoja zaidi: chumba 80,000, chakula cha jioni 40,000, gari la kwenda Ujiji na kurudi 40,000, mwongozaji 30,000, zawadi sokoni 50,000. Jumla ni 240,000. Wakifanya hivyo jozi mia za wageni katika mwaka, ni milioni 24.

Lakini milioni 24 zilizolipwa Kigoma si milioni 24 zilizobaki Kigoma. Ikiwa kuku ni wa kugandishwa kutoka mbali, sosi ya chupa, juisi ya boksi, shuka zimeagizwa Dar es Salaam na mwongozaji ametumwa na kampuni ya Arusha, huenda asilimia 40 ikaondoka siku ileile. Zinabaki milioni 14.4. Ukipunguza uvujaji mpaka asilimia 20, zinabaki 19.2. Tofauti ni milioni 4.8, na imepatikana kwa kubadili mahali pa kununulia.

Kuna hatua ya pili ambayo wengi huiruka. Fedha iliyobaki hutumika tena. Mama wa samaki akipata shilingi 100 na akatumia 60 mjini hapahapa, fundi cherehani aliyezipokea akatumia 36, wa baada yake 21 na kitu, ukijumlisha mzunguko wote unapata karibu 250. Kama kila mmoja anatumia 40 tu mjini na 60 zinatoka, mzunguko unaishia kwenye 167 hivi. Ndiyo sababu sahani ya migebuka ina uzito mkubwa kwa uchumi wa mji kuliko jengo jipya la ghorofa lenye samani zilizoletwa na lori.

Usiku unaojiuza wenyewe

Mgeni haombwi kulala kwa hisani. Anaonyeshwa sababu, na ziwa lenyewe ndilo sababu.

Kuanzia Mei mpaka Septemba upepo wa kusini mashariki huvuma kwa nguvu juu ya Tanganyika, na mchana mawimbi huwa makubwa kuliko asubuhi. Miezi hiyohiyo ndiyo msimu mkuu wa Gombe, kwa kuwa njia za milimani zimekauka. Mgeni anayetua saa sita au saa saba mchana na kukimbizwa kwenye boti anavuka wakati mbaya kuliko yote. Ndege ikichelewa saa mbili, ama anavuka jioni, jambo la hatari, ama safari nzima inasogea na siku ya hifadhi aliyokwisha kuilipia inapotea. Kurudi ni vilevile: anayetoka Gombe asubuhi ya siku ya ndege amejiweka mikononi mwa wimbi na injini.

Kwa hiyo ratiba nzuri ina usiku mmoja kabla ya Gombe na mmoja baada yake. Mwandikie mgeni hivyo tangu barua pepe ya kwanza, kwa maneno mepesi: "Ndege yako inafika mchana. Ziwa hutulia asubuhi. Utalala Kigoma, boti itaondoka saa moja kamili asubuhi. Ukirudi, utalala tena, ili wimbi lisikukoseshe ndege." Huo ni ushauri wa usalama wa kweli, na mtu aliyelipa tiketi za mabara mawili anauelewa mara moja. Kosa linalofanyika ni kuuandika mwishoni, baada ya bei, kama kitu cha hiari. Uwe ndani ya ratiba, na bei yake iwe ndani ya jumla.

Na bei iwe kwa shilingi. Kanuni zilizotangazwa Machi 2025 zinakataza kutaja bei za huduma za ndani kwa fedha za kigeni, na bado kuna gesti zilizobandika Dola ukutani.

Mchana wa kwanza uende Ujiji

Akishaoga na kula, mgeni ana saa nne za mwanga. Ujiji iko chini ya kilomita 10 kutoka mjini. Ondokeni saa tisa, mrudi kabla ya saa kumi na mbili.

Ujiji inaharibiwa na maelezo mabovu. Mgeni anapelekwa penye mnara, anaambiwa hapa Stanley alimkuta Livingstone, anapiga picha, dakika 15 zimekwisha. Mwongozaji anayejua kazi anamshika saa moja na nusu kwa mambo ambayo yapo palepale. Mwembe unaouona si ule wa Novemba 1871. Ule ulikufa, na iliyopo ni uzao wa vipandikizi vyake. Livingstone hakuokolewa wala hakuondoka na Stanley kurudi kwao. Walipanda mtumbwi pamoja mpaka ncha ya kaskazini ya ziwa, wakathibitisha kwamba mto Rusizi unaingia ziwani, hautoki. Baadaye walikwenda pamoja Unyanyembe, karibu na Tabora, wakaagana Machi 1872, na mwaka uliofuata Livingstone akafia katika nchi ambayo leo ni Zambia. Waliousafirisha mwili wake mpaka pwani ni Waafrika, Chuma na Susi na wenzao. Burton na Speke, wapelelezi wa Uingereza, walikuwa wamefika hapa miaka 13 kabla ya Stanley, Februari 1858.

Mgeni makini atauliza: mbona mnara uko mbali na maji, na inasemekana hapa palikuwa bandari? Hili ndilo swali zuri kuliko yote, na anayelijibu hupewa bahashishi bila kuomba. Karne ya 19 ziwa lilikuwa juu zaidi. Mwaka 1878 maji yalifika kilele, yakafungua njia ya mto Lukuga upande wa Kongo, na katika miaka iliyofuata kina kikashuka takriban mita 10. Ufuko ukahama. Miaka ya karibuni ziwa limepanda tena na kumeza sehemu za fukwe na majengo, mwalo wa Kibirizi (ufukwe wa boti na wavuvi) ukiwemo, kwa hiyo mgeni anaweza kuonyeshwa siku hiyohiyo ziwa linavyotembea.

Kisha lisemwe jambo zito. Ujiji ilikuwa mwisho wa njia ya misafara ya kati, njia ya pembe na ya watumwa. Tangu 2006 Tanzania imeiweka njia hiyo kwenye orodha ya awali ya Urithi wa Dunia ikiwa na vituo sita: Bagamoyo, Mamboya, Mpwapwa, Kilimatinde, Kwihara ya Tabora na Ujiji. Historia hiyo isisimuliwe kana kwamba ilianza na Mzungu wa kwanza. Wajiji, Wamanyema, Waswahili wa misafara na wapagazi wa Kinyamwezi ndio walioujenga mji, na wajukuu zao wangali wanakaa mitaa ileile. Ningependa kila mwongozaji wa Ujiji awe ameketi na wazee watatu wa mtaa kabla ya kupewa kitambulisho.

Vitu vidogo vinavyovunja ziara hii: choo kisicho na maji, kukosa sarafu ya kurudishia chenji, na watoto kuzoeshwa kuomba kalamu. La mwisho linaua hadhi ya mji. Mgeni akitaka kusaidia, aelekezwe shule, atoe ofisini kwa mwalimu mkuu.

Asubuhi ya dagaa na kalenda ya mwezi

Usiku wa pili, ule wa baada ya Gombe, unahitaji jambo la asubuhi, la sivyo mgeni atabaki kitandani mpaka muda wa ndege. Kigoma ina tamasha lake la bure: vipe, yaani mitumbwi pacha inayofungwa pamoja, ikirudi na dagaa alfajiri. Nenda mwaloni Katonga au Kibirizi saa kumi na mbili asubuhi. Mnada, ndoo vichwani, kelele za bei, dagaa wanaong'aa kama sindano mpya.

Lakini angalia mwezi. Dagaa huvuliwa kwa taa gizani, na mwezi ukipevuka taa haifui dafu, kwa hiyo kwa takriban wiki moja kila mwezi wavuvi hupumzika. Anayemwahidi mgeni mwalo wa dagaa siku ya mwezi mpevu anampeleka kuangalia nyavu zinazoshonwa. Nayo ni kazi nzuri ya kuitazama, ila iuzwe kwa jina lake. Bandika kalenda ya mwezi mapokezi, zungushia kalamu nyekundu siku tatu kabla na siku tatu baada ya mwezi mpevu, na siku hizo peleka wageni kwenye ukamuaji wa mawese badala yake.

Hapo kwenye mwalo kuna biashara ambayo haijafanywa vizuri. Mtalii wa ndani, mtu wa Dodoma au Mwanza aliyekuja kwenye semina, haondoki Kigoma bila dagaa na mawese. Dagaa waliokaushwa mchangani wana kokoto, na mke nyumbani atakumbuka kokoto kuliko zawadi. Waliotandazwa kwenye vichanja vya wavu, tabaka moja, wakipata jua la siku nzima wanakauka vizuri na hawana mchanga. Wakati wa mvua hukauka polepole na huanza kunuka, basi usijaze oda kubwa Machi na Aprili. Fungasha robo kilo na nusu kilo, mfuko wa chakula uliobanwa kwa joto, mfuko wa pili juu yake kwa ajili ya harufu ndani ya ndege, lebo yenye uzito, tarehe na namba ya simu. Mteja aliyerudi kwao na lebo huagiza tena, na aliyerudi na gazeti limefungwa kamba hajui ampigie nani.

Mawese ni kilio cha kila mzigo. Chupa ya lita moja isijazwe pomoni. Acha nafasi ya vidole viwili, kaza kifuniko, zungusha utepe, tia kwenye mfuko uliobanwa, na mwambie mgeni aiweke kwenye begi la kupakiwa chini, kwa sababu kwenye safari nyingi za kimataifa kimiminika kinachozidi mililita 100 hakipiti mkononi. Mwambie pia kwamba yakifika penye baridi yataganda na kuwa kama siagi. Hayakuchanganywa na kitu, ndiyo tabia yake. Usipomweleza mapema ataamini ametapeliwa Kigoma.

Jikoni

Hapa ndipo moyo unaponiuma zaidi. Mgeni amekuja kwenye ziwa refu kuliko yote ya maji baridi duniani, lenye kina cha mita 1,470, ambamo wanaishi samaki wasiopatikana kwingine kokote, na menyu inamwambia chipsi kuku. Mpe migebuka au kuhe, ugali wa muhogo, sombe (kisamvu) ya mawese. Samaki wa saa moja asubuhi anunuliwe pamoja na barafu, kilo ya barafu kwa kilo ya samaki, kwenye sanduku lenye tundu la kutolea maji. Bila barafu, kufika chakula cha mchana nyama imelegea na jicho limezama, na mpishi anajaribu kuficha kwa viungo. Andika menyu kwa jina la hapa, na chini yake sentensi moja ya maelezo. Mgeni huagiza anachokielewa.

Kahawa nayo. Buhigwe na Kasulu zinalima arabika, na meza zetu zina kopo la kahawa ya unga ya kuyeyusha. Nusu kilo ya kahawa iliyokaangwa hutoa vikombe 40 mpaka 50. Hakuna badiliko rahisi kuliko hilo.

Jambo la kupangia mapema: mwaka 2024, kwa makubaliano ya nchi nne za ziwa hili, uvuvi ulifungwa kuanzia 15 Mei mpaka 15 Agosti ili samaki wazaliane. Tazama tarehe hizo halafu tazama msimu wa watalii. Zinagongana kabisa. Miezi wageni wanapokuwa wengi ndiyo miezi ambayo samaki wabichi wanaadimika na vijana wa mwaloni hawana kazi. Jikoni jibu ni migebuka wakavu walionunuliwa Aprili, friza iliyojazwa kwa risiti kabla ya 15 Mei, na perege wa mabwawa. Kwa vijana, jibu liko kwenye boti.

Boti

Nahodha aliyezaliwa ufukweni analijua ziwa kuliko ramani yoyote. Kinachomkosesha kazi ya watalii ni karatasi na vifaa. Chombo kiwe kimesajiliwa na kukaguliwa na TASAC, shirika la serikali linalosimamia vyombo vya majini, na ukaguzi uanze Machi, kwa sababu anayekimbilia ofisini Juni anapoteza nusu ya msimu. Majaketi ya kujiokolea yawe sawa na idadi ya watu wote pamoja na wafanyakazi, na mawili ya ziada, na angalau mawili ya ukubwa wa mtoto. Yavaliwe kabla ya kuondoka. Jaketi lililokaliwa kama mto linapoteza uwezo wa kuelea, litupe. Turubai la jua, ndoo ya kutolea maji, tochi, simu mbili za mitandao miwili tofauti kwenye mfuko usioingia maji.

Mafuta yapigiwe hesabu ya theluthi: moja ya kwenda, moja ya kurudi, moja ya akiba. Injini ya nguvu za farasi 40 yenye mipigo miwili, ikikazwa, hutumia lita 15 au zaidi kwa saa. Boti ya mbao ikienda Gombe saa moja na nusu, ni lita 23 hivi kwenda na 23 kurudi, basi ondoka na 70. Wanaobeba 50 "kwa kuwa ziwa limetulia" ndio wanaozimikiwa upepo ukibadilika. Injini ya pili, hata ya farasi 15, iwe imefungwa mahali pake na imewashwa asubuhi ileile kuthibitishwa. Soma utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa jioni ya kabla, na nahodha awe na haki ya kusema hatuendi, bila mwenye gesti kumlazimisha. Ajali moja itafuta kazi ya miaka 10.

Mgeni wa bei nafuu atataka boti za abiria zinazotoka Kibirizi kuelekea Kagunga na kushusha watu njiani. Msimkataze. Mweleze ukweli: zinaondoka mchana, zinajaa, hukawia, na Jumapili asizitegemee. Naye atahitaji kulala Kigoma.

Wengi wanaofikia nyumba za hifadhi hujipikia, na hapa kuna bidhaa nzuri ambayo gesti yoyote inaweza kuiuza: kikapu cha Gombe. Kwa watu wawili, siku mbili: maji lita 12, mchele kilo moja, mayai 12, mikate miwili, vitunguu, nyanya, ndizi mkungu mdogo, maembe yakiwa msimu, dagaa robo kilo, chumvi, kiberiti. Kikapu kiwe cha kusukwa chenye mfuniko wa kufunga, kwa sababu mbili. Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku Juni 2019, na nyani wa Gombe ni wezi hodari, wanaingia mlango ukiachwa wazi kidogo. Kikapu chenyewe mgeni huondoka nacho. Msukaji amelipwa, soko la Mwanga limelipwa, na mgeni hakupoteza asubuhi akitafuta kitunguu. Wakati wa kumkabidhi, muulize kama ana mafua. Mwenye mafua hatakiwi kuwasogelea sokwe, na ni heri aambiwe akiwa mjini anakoweza kubadili tarehe.

Chumba

Hapa sitakawia, kwa sababu wenye gesti wanajua wanachokosa. Shuka jozi tatu kwa kila kitanda: moja imetandikwa, moja inafuliwa, moja kabatini. Chandarua cha mraba kisicho na tundu. Maji lita 150 kwa kila mgeni kwa siku, maana yake vyumba 10 vyenye watu 20 vinataka lita 3,000, na tenki la 5,000 halifikishi siku mbili bomba likikatika. Chai ya alfajiri saa kumi na moja na nusu kwa wanaowahi boti. Hii huwashinda wengi kwa sababu mpishi anafika saa moja. Picha za vyumba mtandaoni ziwe za vyumba vyenyewe. Simu ipokelewe. Risiti ya EFD itolewe bila kuombwa, kwa kuwa mtu wa shirika au wa semina bila risiti hatarudi.

Mtalii wa Kalemie

Neno mtalii kwetu limekuwa na kofia ya majani na kamera. Kwa tafsiri ya Shirika la Umoja wa Mataifa la Utalii, mtalii ni yeyote anayelala nje ya makazi yake ya kawaida kwa muda usiofika mwaka, kwa mapumziko, biashara, ibada, matibabu au kuona ndugu, mradi hajaja kuajiriwa. Kwa tafsiri hiyo mama wa Kalemie au Uvira anayekuja kuuza vitenge na kurudi na bidhaa za dukani, akalala siku nne Mwanga, ni mtalii, na amelala mara mbili ya mgeni wako wa Gombe. Mfanyabiashara wa Bujumbura naye ni mtalii. Hawa hawasubiri kiangazi, wanakuja hata Februari mvua ikinyesha.

Wanachohitaji si machweo. Wanahitaji chumba cha bei ya kati chenye stoo ya kufungwa, mtu anayezungumza Kifaransa au Kilingala mapokezi, kubadilishiwa fedha kihalali, na ratiba ya meli na boti ambayo ni ya kweli. Kijana mmoja anayejua Kifaransa, na Kigoma wapo tele, anastahili kulipwa zaidi ya anayelipwa sasa.

Reli

Mwaka 1914 reli ya kati ilifika Kigoma, na Ujiji, iliyokuwa mji mkubwa wa ziwa zima, ikaanza kubaki nyuma kwa umbali ule mdogo. Njia ikihama, fedha huhama nayo. Sasa kipande cha reli ya kisasa kati ya Tabora na Kigoma, kilomita 506, kimo katika mkataba uliosainiwa Desemba 2022. Treni ya haraka italeta watu wengi zaidi, na ina hatari ambayo sisikii ikitajwa: safari ikifupika, watu hulala kidogo. Anayeweza kuja asubuhi na kurudi jioni atafanya hivyo kama hakuna cha kumshika. Mji unaotaka kunufaika na reli utengeneze sababu za kulala kabla behewa la kwanza halijaingia. Mojawapo iko tayari: unganisha Kwihara na Ujiji ziwe safari moja ya njia ya misafara, shuka Tabora, lala, panda, shuka Kigoma, lala. Waongozaji wa miji miwili wapeane namba na wakubaliane bei moja.

Ili yote haya yapimike, kitabu cha wageni kiongezwe safu tatu tu: ametoka wapi, anaelekea wapi baada ya hapa, amelala siku ngapi. Karani ajumlishe kila mwisho wa mwezi, wageni ngapi, jumla wamelala mara ngapi, agawe. Gesti 20 zikipeleka namba hizo mbili kwa afisa utalii wa Manispaa, bila majina ya watu, kufika Juni ijayo Kigoma itakuwa na wastani wake yenyewe. Kama ni 1.3, tutajua tumeanzia wapi. Kitabu hicho kinauzwa dukani, na safu tatu huchorwa kwa rula.